Maji ya kufulia yananuka pipani

SWALI: Nakusanya maji ya kufulia na kuoga kwenye pipa nimwagilie migomba na mchicha. Siku ya pili yananuka kama yai viza, na udongo umekuwa mgumu juu. Nakosea wapi? Msomaji, Dodoma

JIBU: Unayalaza. Yakipita saa 24, bakteria humaliza hewa iliyomo na uvundo huanza. Yatumie siku hiyohiyo.

Kwanza yachuje: toboa ndoo ya lita 20 chini, weka kokoto sentimita 10, mchanga mnene uliooshwa sentimita 15, na juu kabisa kitambaa cha kunasa nywele na nyuzi. Mchanga ukianza kuziba, kwangua sentimita 2 za juu, ujazie mwingine. Chujio hili haliui vimelea, kwa hiyo mchicha usiumwagilie maji haya kabisa. Migomba haina neno. Izungushie mtaro uliojaa majani makavu, maji yazame humo, yasituame.

Ugumu wa udongo ni sodiamu ya sabuni ya unga. Povu la kwanza limwage kwingine, tumia maji ya kusuuzia, na mara mojamoja mwagilia maji safi kwa wingi. Ya nepi na ya jiki ni ya chooni tu.