Gari inachemka foleni ya feri, na maswali mengine ya wasomaji

SWALI: Ami fundi, salaam aleikum. Nna gari ndogo ya mkono wa pili, nakaa Bamburi na kazi yangu iko Ukunda kwa hivyo kila siku navuka feri. Nikiwa foleni pale Likoni geji ya joto inapanda mpaka karibu na nyekundu, nikishavuka nikishika barabara inashuka yenyewe. Kijana wa gereji kaniambia niongeze maji tu, ati ni jua la Mombasa, basi kila asubuhi natia maji ya kisima chupa nzima. Mwezi ujao nataka kupeleka watoto Voi kwa bibi yao. Itafika? Na ni vitu gani naweza kuangalia mwenyewe bila fundi?
Mama wa wawili, Bamburi

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza hayo maji ya kisima yaache leo leo. Visima vyetu vingi huku pwani maji yake yana chumvi, hata sabuni haitoi povu, na ile chokaa unayoiona imeganda ndani ya birika ndiyo inaganda kwa vile vijibomba vyembamba vya rejeta, halafu chumvi nayo inakula chuma na aluminiamu polepole. Nimefungua rejeta nyingi hapa mjini zimejaa tope la kutu rangi ya chai, na mwenyewe anaapa kila siku anaongeza maji. Ndio, anaongeza, lakini maji gani?

Jua la Mombasa halichemshi gari isiyo na kasoro. Umenieleza vizuri dalili zako na hapo ndipo pa kushika: gari ikienda upepo wenyewe unapita kwa rejeta na kuipoza, ikisimama inategemea feni peke yake, kwa hivyo gari inayopanda joto foleni na kushuka barabarani, kitu cha kwanza kushuku ni feni. Jaribu hivi. Ukiwa nyumbani washa injini, washa AC, fungua boneti usikilize, gari nyingi ukiwasha AC feni inazunguka hapo hapo au baada ya muda mfupi. Isipozunguka inaweza kuwa fiuzi, rilei (swichi ndogo inayopeleka umeme kwa feni), au mota ya feni imekufa, mpelekee fundi wa umeme wa gari. Tafadhali usiingize mkono, na leso na mtandio ufunge vizuri kabisa kwa sababu feni inaweza kuanza yenyewe hata injini imezimwa.

Lakini kuna jambo linanitia wasiwasi zaidi ya feni, nalo ni hiyo chupa nzima kila asubuhi. Maji ya rejeta hayaishi hivyo, yanakwenda mahali. Asubuhi kabla hujaondoka tazama chini ya gari. Maji meupe safi yaliyodondoka ulipotoka kutumia AC ni kawaida, hayo usiyaogope, ila ukiona unyevu kwenye mipira ya rejeta au alama za chumvi nyeupe karibu na pampu ya maji basi umepata panapovuja. Usipoona kitu nje, vuta dipstiki ya oili: oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, au egzosi inatoa moshi mweupe mzito hata injini ikishapata moto, hapo gaskiti ya hedi, ule muhuri unaozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini, ishaanza kuachia na Voi usiende na hiyo gari, nakuambia kama mwanangu.

Likishapatikana tatizo mwambie fundi amwage maji yote, asafishe, kisha atie kulanti, ile dawa maalum ya kupoza injini. Ile ambayo haijachanganywa inachanganywa kwa kawaida nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa yasiyo na madini, na ile iliyo tayari inatiwa vile vile ilivyo. Na kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa moto hata ukiwa na haraka gani, mle ndani maji yako na presha na moto wake unapita digrii 100, yakikurukia ni uso na macho. Ngoja ipoe kabisa. Kwa sasa ukiwa foleni geji ikianza kupanda zima AC, ikikaribia nyekundu zima injini, nyuma wapige honi watakavyo.

Hayo mengine ni ya dakika 10 tu, mara moja kwa wiki. Oili ipime gari ikiwa imesimama pahali sawa na injini imezimwa muda, futa dipstiki, rudisha, vuta tena, oili iwe kati ya zile alama mbili. Oili ya breki nayo iwe kati ya MIN na MAX, ikishuka ama breki padi zimeisha ama kuna mahali inavuja. Tairi zipime upepo zikiwa baridi, kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni mwa dereva, na usisahau ya spea, wengi huikumbuka Mariakani pancha ishapatikana. Soma na zile namba 4 za mwisho ubavuni mwa tairi: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi kuukuu inapasuka hata kama meno bado yako.

SWALI: Fundi, kichwa cha betri yangu kinaota unga mweupe wa kijani kijani na asubuhi gari inavuta kwa shida. Ninunue betri mpya?
Kijana wa Mtwapa

JIBU: Usinunue bado ndugu yangu. Huo unga unazuia umeme kupita na hewa yetu ya bahari inauzidisha. Vaa glavu, zima kila kitu, fungua waya wa negativu kwanza halafu wa positivu, mwagia maji ya moto yenye magadi ya kupikia, sugua na mswaki wa zamani, suuza, kausha. Ukirudisha anza na positivu, kaza mpaka usitikisike, kisha paka grisi kidogo juu. Ikiendelea kuvuta vibaya ndio upeleke betri ikapimwe, na wapime na altaneta pia, ile mashine inayochaji betri, kwa sababu ikiwa haichaji hata betri mpya utaimaliza wiki hiyo hiyo.