Mbwa wa mjomba hakubweka

Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza kama ni busara kwa familia yenye kipato cha kawaida kununua mbwa wa kizungu wa kulinda nyumba, ilhali mbwa wa kienyeji hupatikana bure au kwa bei ya kuku. Swali lenyewe lisingenisumbua. Kilichonichoma ni ule mstari mmoja mliouweka chini yake kwa ajili ya ufafanuzi, kwamba mbwa wa kienyeji hana kazi maalumu aliyozaliwa nayo. Nitafika kwenye bei na ulinzi, lakini mnivumilie, kwa kuwa siwezi kumjadili mbwa huyo huku amekwisha kuvuliwa kazi yake kabla hata ya mjadala kuanza.

Mimi ni mzaliwa wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, kando ya barabara ya Mambasa, ndani ya msitu. Kampala nimehamia ukubwani. Aliyewahi kupita njia ile anawajua mbwa ninaowasema: wadogo, wekundu, kifua na miguu yenye weupe, masikio wima, paji la uso lenye mikunjo, na mkia uliojisokota juu ya nyonga, ambao ukiunyoosha kwa mkono hurudi wenyewe. Hujilamba hadi manyoya yakang'aa na hawana ile harufu ya mbwa aliyelowa. Jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, tofauti na mbwa wengi ambao hupata mara mbili. Na hawabweki. Si mabubu, wala hawanyamazi kwa hofu. Wanayo sauti yao, ndefu na yenye kupanda na kushuka, kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika, lakini hawaitoi ovyo.

Huko Ulaya mbwa hawa wanaitwa Basenji, na wana vyeti vya ukoo. Wawili wa mwanzo kupelekwa Uingereza walionyeshwa katika maonyesho ya Crufts mwaka 1895, wakafa punde kwa ugonjwa wa distempa. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1937 ndipo wengine waonyeshwe tena palepale na watu wajazane kuwatazama. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, limewaweka katika kundi lake la 5, la Spitz na mbwa wa asili, pamoja na Husky wa Siberia na Laika wa Urusi, mbwa ambao nao husimamisha masikio, hukunja mkia na huzaliwa na kazi. Kwa hiyo mnaposema hana kazi maalumu, wenye madaftari ya mbwa duniani wamekwisha kukataa. Ila mimi sikujifunza kazi hiyo katika daftari lolote.

Mjomba wangu alikuwa na dume aliyeitwa Watasema. Mnajua desturi yetu: mbwa hupewa jina ambalo mwenyewe angependa jirani alisikie, na mjomba, aliyekuwa na ugomvi wa siku nyingi wa mpaka wa shamba, alikuwa akifurahi sana kumwita mbwa wake kwa sauti kubwa kila jioni. Watasema alikuwa na sikio moja lililopasuka na makovu ya miiba ya nungunungu puani. Mjomba alikuwa mkulima, si mwindaji wa kudumu, lakini ukoo wetu ulikuwa na urafiki wa vizazi na jamaa moja ya Wambuti, wawindaji wa msituni; sisi tukitoa ndizi, mihogo na vyuma vya mishale, wao wakileta nyama na asali, na Watasema alikuwa akitumika pande zote mbili.

Chombo chake cha kazi kilikuwa kengele ya mti. Ilichongwa katika mti mwepesi, tumbo pana na mdomo mwembamba, na ndani zilining'inia ndimi mbili za mti mgumu. Mbwa asiyebweka akizama kichakani humwoni wala humsikii, ndiyo maana huvalishwa kengele imsemee. Na wanyama nao, wakisikia mlio ule unakuja, hutoka walikojificha na kukimbilia upande ambako wapiga upinde wamechuchumaa. Wakati wa kwenda, kengele huzibwa kwa majani ya mangongo ili isitoe habari mapema. Nimeziona kengele hizi zikiuzwa mjini kwa ajili ya mapambo, ukutani, bila ulimi hata mmoja.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya kiangazi, shule zimefungwa, na mjomba alikuwa ameniruhusu kubeba podo. Ilikuwa katika miaka ya 1980, kabla Hifadhi ya Okapi haijaundwa mwaka 1992. Lakini okapi mwenyewe alikuwa analindwa na sheria tangu mwaka 1933, na hakuna aliyetoka nyumbani kumtafuta yeye. Tulikuwa tukitafuta mboloko, yule paa mdogo wa kijivu, na tukibahatika, funo, paa wa aina nyingine. Wambuti waliwasha moto chini ya mti mmoja mkubwa asubuhi, wakaupita moshi wake, kisha tukatembea kimya hadi mahali palipochaguliwa. Wapiga upinde wakajipanga nusu duara. Mjomba akapiga goti, akamshika Watasema kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia akaanza kutoa majani ndani ya kengele, kipande kwa kipande. Nilikuwa karibu kiasi cha kuiona ngozi ya mbwa ikicheza mgongoni. Hakujivuta wala hakulia. Alisubiri jani la mwisho.

Akaachiwa. Kengele ikaenda mbele, ikapinda kulia, ikarudi, na mboloko wawili wakapita katikati yetu bila kuguswa na mshale. Kisha akatoka funo, na mzee mmoja wa Kimbuti akampiga pajani, mahali ambapo mshale humwumiza mnyama bila kumwangusha. Funo akapita, Watasema akapita nyuma yake, na mlio wa kengele ukaanza kushuka kuelekea mtoni. Tulikuwa hatujaufuata mbali mvua isiyotarajiwa ilipotushukia. Mvua ya msituni huisikia juu ya majani kwanza, na unabaki mkavu kwa kitambo kabla haijakufikia chini. Ilipofika ilifuta damu, ilifuta harufu, na ikafunika kila sauti. Ilipopungua, kengele haikuwepo.

Hapo pakazuka mabishano ambayo hadi leo naweza kuyasimulia kwa mpangilio. Kijana mmoja alisema chui, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu chui wa kule anaipenda nyama ya mbwa. Mwingine alisema mbwa amepotezwa na mvua na yuko njiani kurudi nyumbani, na sisi tumfuate kabla ya giza. Mjomba hakusema kitu. Alikuwa akikamua maji kwenye shati lake, polepole mno. Yule mzee aliyepiga mshale ndiye aliyekata shauri. Alisema mbwa aliyempoteza mnyama hurudi kwa mwenyewe, na kwa kuwa huyu hajarudi, basi ama amekufa ama amempata. Akakaa chini juu ya mzizi, akatutaka na sisi tukae na kufunga midomo. Tukakaa. Nilikuwa nasikia baridi na nilitamani kwenda nyumbani, na nilimchukia yule mbwa kwa kutokuwa na akili ya kubweka.

Aliyemsikia kwanza alikuwa mtoto wa Kimbuti wa rika langu. Aliinua kidole, na sisi wengine tukachelewa kuelewa, kwani masikio yetu yalikuwa yanatafuta kengele. Haikuwa kengele. Ilikuwa ile sauti ndefu, inapanda, inakatika, inapanda tena, kutoka chini kabisa upande wa maji. Tulimkuta ndani ya kijito, maji yanamfika tumboni, funo yuko mbele yake amekwama kati ya mizizi na ukingo, mguu mmoja haumbebi tena. Watasema hakuwa anamng'ata. Alikuwa amesimama mahali pekee ambapo funo angeweza kupita, na kila funo alipojaribu kusogea, naye alisogea. Kengele yake ilikuwa imejaa tope hadi mdomoni. Mzee akammaliza mnyama kwa mkuki, na mjomba akaingia majini na viatu vyake, akamshika mbwa, akamzungushia kengele mgongoni na kuanza kuikwangua tope kwa kijiti palepale, kabla ya kumtazama hata huyo funo.

Kwa desturi mwenye mshale wa kwanza ana fungu lake na mwenye mbwa ana lake. Mbwa mwenyewe hungoja utumbo na damu iliyobaki kwenye majani. Jioni ile mjomba alikata kipande cha ini kutoka fungu lake, akampa Watasema kwa mkono mbele ya watu, na baadhi ya watu wakanung'unika. Nisingependa mpate picha ya mapenzi makubwa. Kesho yake asubuhi mjomba huyohuyo alimfukuza kwa teke karibu na moto kwa sababu alikuwa amesogelea chungu cha sombe, yaani kisamvu, na mbwa akaenda akalala mvunguni mwa ghala bila kinyongo chochote nilichoweza kukiona. Ndivyo mbwa walivyoishi kwetu: wembamba, wakijitafutia, wakitegemewa siku ya kazi na kusahauliwa siku nyingine. Huwa nasoma watu wakisifu uaminifu wa mbwa wa namna hii, nami nimeusifu, lakini sijui upande wetu tulimlipa nini.

Watasema alikufa msimu wa mvua uliofuata. Macho na pua vilitoka usaha, akaacha kula, kisha akaanza kutikisika taya na miguu hadi mwisho wake. Nikitazama nyuma, dalili zile zilifanana mno na distempa, ugonjwa uleule uliowaua wenzake Uingereza mwaka 1895, na ambao siku hizi una chanjo. Daktari wa mifugo hakuwepo, na angekuwepo, sidhani kwamba kuna mtu angeuza mbuzi ili kumtibu mbwa.

Nilipokaa kuandika barua hii nilikusudia kumaliza kwa kusema kwamba mbwa wetu ni bora kuliko wa kizungu, na ushahidi nilikuwa nao mkononi. Wapenzi wa Basenji kutoka Marekani walisafiri hadi kaskazini-mashariki ya Zaire, Kongo ya leo, mwaka 1987 na tena mwaka 1988 kutafuta mbwa wapya vijijini, wakiwemo wa upande wa Wazande, kwa sababu wa kwao walitokana na mababu wachache mno na walikuwa wanasumbuliwa na ugonjwa wa kurithi wa figo uitwao Fanconi. Mwaka 1990 American Kennel Club, chama cha kuandikisha mbwa huko Marekani, ikafungua daftari lake la nasaba ili kuwapokea hao wageni. Mbwa aliyefukuzwa kwa teke kwenye chungu cha sombe ndiye aliyefuatwa kwa ndege akaokoe ukoo wa mbwa wanaolala kwenye makochi.

Lakini ushahidi huo unajibu swali langu, haujibu lenu. Na ninapofikiria Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, msimamo wangu unalegea. Tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010 hifadhi hiyo imekuwa ikitumia bloodhound, mbwa wa kizungu halisi, kufuata nyayo za majangili na watu waliopotea, yaani kazi iliyo jirani kabisa na ile ya Watasema, katika nchi yetu wenyewe. Wanalishwa kwa ratiba, wanachanjwa, kila mmoja ana askari anayemjua. Watasema angeishi miaka mingapi kwa matunzo hayo? Tofauti kubwa ninayoiona hapo ni ya sahani na sindano, na mbegu ya mbwa inakuja nyuma yake.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo mimi mwenyewe silifurahii sana: ikiwa mnataka mbwa wa kulinda geti mjini, na mnao uwezo wa kumlisha na kumchanja mwaka hadi mwaka, nunueni huyo wa kizungu, German Shepherd au mwingine mtakayemudu. Msimchukue mbwa wa msituni mkamfungie uani Kampala, Nairobi au Goma. Hatabweka mwizi akiingia, ataruka ukuta akimwona paka wa jirani, na mtamwita mjinga kwa kukosa kazi ambayo hamkumpa. Hili haliwahusu mbwa wa kienyeji wa mjini, ambao wengi wao wanabweka hadi majirani wanakosa usingizi. Hao ni walinzi wazuri, na mwenye fedha ya mbwa wa kizungu pasipo fedha ya chakula chake afadhali achukue mmoja wao, amlishe vizuri na amchanje kichaa cha mbwa kama yeyote mwingine. Kwa mwenye shamba pembeni mwa msitu, anayesumbuliwa na nungunungu kwenye mihogo yake, jibu langu ni tofauti kabisa, ila huyo hamkumuuliza.

Msomaji wenu, Kampala