Renja wa panga mbili? Weka kalamu chini kwanza

Mkuu, usiendelee kuandika hiyo karatasi ya mhusika wako wa Dungeons & Dragons (D&D), ule mchezo wa kuigiza wa mezani. Renja (mpiganaji wa porini) wa ngazi ya 3, panga ndefu mbili, Alama ya Mwindaji (uchawi unaoongeza dadu ya madhara kwa adui mmoja uliyemchagua), halafu unauliza kama mkono wa kushoto unaongeza Dex (nyongeza ya wepesi wako) kwenye madhara. Huyo mhusika namjua. Nilimzika mwenyewe.

Panga ndefu mbili hazikubaliki. Kwa kanuni za D&D za 2014, silaha zote mbili lazima ziwe nyepesi: upanga mfupi, jambia, simitari, isipokuwa uchukue kipaji maalumu. Mimi niliambiwa "panga ni panga" na jamaa mmoja wa video, anayeongea utadhani mchezo kautunga yeye. Nikaagiza na kijisanamu chenye panga ndefu mbili. Mpaka leo kipo juu ya friji, kinanitazama nikienda kunywa maji usiku.

Hilo dogo. Kilichoniua ni kitendo cha ziada, kile cha haraka kinachokuja juu ya shambulio lako la kawaida. Kwa zamu moja unacho KIMOJA tu. Pigo la silaha ya pili linakitumia. Kuweka Alama kunakitumia. Aliyewekewa akifa, kuihamishia kwa mwingine kunakitumia tena. Yule jamaa alijumlisha vyote kwenye zamu moja, na mimi mtu mzima nikanakili.

Pangoni tukakuta goblini wanne. Naweka Alama, napiga: dadu mbili za pande 6, jumlisha 3. Goblini ana pointi 7 za uhai, chali! Nikaokota dadu za upanga wa kushoto kwa mbwembwe. DM (mwendesha mchezo) hata hakuinua macho: "Kitendo cha ziada umeshakimaliza." Zamu ya pili nahamisha Alama, naua. Ya tatu nahamisha, naua. Upanga wa kushoto haujaona damu.

Sasa huku nilikuwa nimeingia na pointi 14 tu za uhai, na mapigo matatu ya goblini yakanifikia, jumla za dadu zao: 15, 16, 15. AC yangu, yaani kiwango ambacho pigo likikifikia linanipata, ni 15. Ningeshika ngao ingekuwa 17, yote matatu yangepita hewani. Badala ya ngao nilishika pambo. Nikaanguka. Dadu ya kuokoa maisha inataka 10 au zaidi, ukikosa mara tatu umekufa; nikatoa 4, 7, 9. Kasisi wetu, ambaye ndiye mponyaji, wakati huo alikuwa barazani anaongea na simu. (Sina kinyongo. Kidogo tu.)

Kwa hiyo kabla ya kuchagua silaha, andika kila kitu cha mhusika wako kinachodai kitendo cha ziada. Vikizidi kimoja na unavihitaji kila zamu, chukua ngao. Sitaki ubishi hapo.

Dex kwenye pigo la pili: haiongezwi, mpaka uchague mtindo wa kupigana na silaha mbili, ambao renja anaupata ngazi ya 2. Na muulize DM wako mnatumia kitabu kipi, maana kwa cha 2024 simitari au jambia lenye sifa ya Nick linaingiza pigo la pili ndani ya shambulio lenyewe, kitendo cha ziada kinabaki. Ningekuwa nacho siku ile, aisee.

Uliuliza na habari ya kurusha majambia, sijui na adui akikimbia... tutafika huko. Kwanza niambie, Alama umeshaiandika kwa peni au penseli?