Sarafu zimegota 2,147,483,647, ni namba gani hii?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kuna gemu nacheza kwenye simu, sarafu zangu zimefika 2,147,483,647 zikagoma kabisa kupanda, rafiki yangu anasema eti hiyo ni namba tasa, nikajua ananizuga tu. Namba ndefu hivyo unajuaje haigawanyiki? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, rafiki yako hajakuzuga. Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1, na ni tasa kweli. Kompyuta ikihifadhi namba kwa biti 32 (yaani nafasi 32, kila moja ni 0 au 1), biti moja inakula alama ya chanya au hasi, zinabaki 31 za namba yenyewe, kwa hiyo hapo ndo mwisho wa chombo, ukilazimisha kuongeza 1 programu nyingi zinaruka mpaka -2,147,483,648, afadhali gemu yako imegoma tu maana ungeamka una deni!

Sasa utasa wake. Aliyethibitisha ni mwanahisabati Euler, mwaka 1772, kwa kalamu na karatasi. Njia ya kawaida ni kujaribu kila namba tasa hadi kipeuo cha pili, yaani zisizozidi 46,340, na hizo ni zaidi ya 4,000, nani ana muda huo. Ujanja wake ndo naupenda mimi: kigawo tasa chochote cha namba hii, kama kipo, ukikigawa kwa 62 lazima kibaki 1, na ukikigawa kwa 8 kibaki 1 au 7. Chuja hivyo unabaki na namba kama 370 tu, halafu nyingi humo zenyewe siyo tasa (63 kwa mfano) kwa hiyo unazitupa pia. Zilizobaki akagawa, hakuna hata moja iliyoingia.

Ukiizidisha hiyo namba kwa 2 kipeo cha 30 unapata 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote ukiacha yenyewe, inarudi yenyewe. Namba za aina hiyo ni adimu sana, hii ni ya nane tu.

Na kuna mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti hizohizo 32. Zitajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa 12 na dakika 14 asubuhi, na mfumo usiorekebishwa utadhani ni Desemba 1901.

SWALI: YouTube walihamia biti 64 kwa sababu ya video ya mwanamuziki Psy, ambayo watazamaji wake walivuka kikomo hicho 2014. Kikomo kipya nacho ni tasa? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Hapana bana. Hicho ni 2 kipeo cha 63 kutoa 1, na 63 inagawika kwa 3, basi namba nzima lazima igawike kwa 2 kipeo cha 3 kutoa 1, yaani 7. Chukua 9,223,372,036,854,775,807 gawa kwa 7, unapata 1,317,624,576,693,539,401 bila baki, na hiyo nayo bado inagawika kwa 7.