Zima telnet, ila usijifungie nje kama mimi

Kuna ofisi niliitwa kuwasaidia, seva ya Linux iko kwenye kistoo nyuma imefunikwa kitambaa kama redio ya bibi, na watu wanaingia kila siku kwa telnet, njia ya zamani ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali kupitia mtandao. Nikamwambia bosi hii tuitoe, akanijibu "kijana, si inafanya kazi?" Sikubishana. Nikapiga sudo tcpdump -A port 23, amri ya kuchungulia data inayopita kwenye mlango wa telnet, nikamwomba mhasibu alogi kama kawaida. Herufi zikaanza kushuka moja moja, za jina lake zikitokea mara mbili mbili sababu seva inazirudisha ili azione, za paswedi mara moja tu kwa kuwa hizo hazirudishwi. Yani kwenye skrini yake patupu, kumbe kwenye waya iko uchi. Bosi akasoma jina la mtoto wa mhasibu na mwaka aliozaliwa, kimya.

Rlogin na rsh (za kuingia na kupiga amri kwa mbali) na FTP ya kawaida (ya kuhamisha mafaili) nazo ni ndugu zake hao hao, hazifichi kitu. Mwaka 1995 huko Finland, baada ya mtu kunasa paswedi za watu kwenye mtandao wa chuo, jamaa mmoja akaandika SSH, inayofanya kazi ya telnet ila kila kitu kinapita kimefichwa. Anaitwa Tatu Ylönen, na hapana, sio dada wa Tanga, ni mwanaume wa Kifini.

Kuinstoli openssh-server, yaani SSH ya upande wa seva, hakuna kazi. Nilipochemka ni kwenye ufunguo, jozi ya mafaili unayoingilia badala ya paswedi. Nimeutengeneza kwa ssh-keygen -t ed25519, nikapeleka nusu yake ya wazi kwenye seva kwa ssh-copy-id, najaribu kuingia ikaniuliza paswedi, nikasema aah labda ndo ilivyo, nikaiandika nikaingia, nikaweka PasswordAuthentication no (kukataza paswedi) kwenye sshd_config, nikazima telnet, nikarestati, nikatoka. Kurudi naambiwa Permission denied. Saa kumi na moja jioni hiyo, na seva iko upande wa pili wa mji, nikadaka boda.

Kumbe kuna mtu aliwahi kupiga chmod 777 kwenye folda yangu ya home, yaani yeyote anaweza kuandika humo. Sshd, programu ya SSH inayokaa kwenye seva, ikikuta hivyo inaukataa ufunguo, na sababu haikuambii wewe, inaiandika kwenye logi za huko huko kwenye seva. Home weka 755, .ssh 700, authorized_keys (faili la funguo zinazokubaliwa) 600, ili asiandike mwingine ila wewe.

Kwa hiyo sasa hivi sesheni ya kwanza siifungi mpaka nimalize. Nafungua terminali nyingine, naingia kwa ssh -o PreferredAuthentications=publickey ili itumie ufunguo tu, ikigoma hapo sijagusa kitu bado. Nikibadilisha konfigi napiga sudo sshd -t kwanza ikague makosa, ndo narestati. Telnet inazimwa mwisho kabisa, halafu ss -tlnp kuhakikisha milango ya 21, 23, 513 na 514 (ya FTP, telnet, rlogin na rsh) haisikilizi tena. Mafaili yanaenda kwa sftp, inayopita ndani ya SSH, FileZilla ile ile waliyoizoea, unabadilisha protokali tu.

Imebaki swichi yao moja ya mtandao ya kizamani isiyoijua SSH kabisa. Hiyo nimeiwekea VLAN yake peke yake, yaani kipande cha mtandao kilichotengwa, inafikiwa kutoka kwenye seva tu. Bosi kaahidi kununua nyingine, huu ni mwezi wa nane tangu nianze kusubiri.