Kabla hujatamba na wastani, weka nukta kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja anayemalizia mradi wake wa chuo alinitumia histogramu (chati ya nguzo) ya vipimo 18 na swali: "Kaka, hii si kengele kabisa?" Alimaanisha data zake zina mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele. Nikacheka, halafu nikanyamaza. Niliwahi kuwa yeye.

Nilikuwa fundi wa maabara, kazi yangu kuvunja kyubu za zege. Ripoti ya kwanza niliyoachiwa peke yangu ilikuwa ya zege la daraja la 25, yaani nguvu inayodaiwa ni 25 N/mm², kyubu 20 zilizovunjwa zikiwa na siku 28. Wastani 31.2, mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika kando ya wastani) 3.2. Toa mkengeuko mara 1.64 kwenye wastani, unabaki na karibu 26, yaani asilimia 5 tu ya zege ndiyo inategemewa kushuka chini ya hapo. Tumepita! Niliijalidi ile ripoti, na siku ya kikao nikavaa shati jipya.

Mhandisi mshauri, mama mmoja mtu mzima, hakufika hata ukurasa wa pili. Aliomba orodha ya namba, akatoa mkobani karatasi ya grafu iitwayo karatasi ya uwezekano, yenye mistari ya kijani ya asilimia iliyobanana kwenye 50 na kuachana kadiri unavyosogea 1 na 99. Sifuri haipo, 100 haipo. Akapanga namba zangu kuanzia ndogo. Ya kwanza akaiweka kwenye asilimia 2.5, ya pili 7.5, ya tatu 12.5: unatoa nusu kwenye nafasi ya namba, unagawa kwa 20. Ni kanuni ya Allen Hazen, mhandisi wa maji wa Marekani aliyeitambulisha karatasi hiyo mwaka 1914.

Data zenye mgawanyo wa kawaida hujipanga humo kwenye mstari mnyoofu. Zangu? Sita za chini zilikuwa na mstari wao ulioishia 28.9, kisha likaja goti, kisha zile 14 zikashika mstari mwingine. Mama akaweka penseli chini. "Kijana, umechanganya mchele na pumba." Meza nzima ikacheka. Angeweza kuniita pembeni, jamani.

Daftari la saiti lilimaliza ubishi. Zile sita zilimwagwa siku moja baada ya mvua. Mchanga umelowa, na mafundi wakaendelea kutia maji kwa hesabu ileile ya ndoo, maji yakazidi, zege likakosa nguvu. Zikipigiwa hesabu peke yake, wastani ni 27.0, mkengeuko 1.45, na ule mpaka wa asilimia 5 unaangukia 24.6. Zimefeli. Wastani wangu mzuri ulikuwa umezifunika.

Tangu siku hiyo siachii ripoti kabla ya kuweka nukta, na nimeshakamata mengi ambayo wenye digrii zao waliyapitisha. Nyie mnaotaka kuaminika kazini, acheni uvivu. Histogramu ya namba 20 ukibadili upana wa nguzo inabadili sura. Nukta hazina pa kujificha. Karatasi ukiikosa madukani, Eksel ina fomula ya NORM.S.INV: ipe ile asilimia kama desimali, chora jibu lake dhidi ya kipimo chako, ni kitu kilekile. Mstari upitishe kwa kufuata nukta za katikati, maana za mwisho huyumba zenyewe. Ukisoma kwenye 50 umepata wastani. Toka hapo mpaka 84 ni mkengeuko mmoja. Mkunjo wa upinde mmoja unasema data zimelalia upande, jaribu kuchora logi (logarithimu) za namba zako. Goti linasema kuna makundi mawili, rudi kwenye daftari. Na weka nukta kwanza, nasema tena, kwanza.

Za yule kijana nilizichora usiku uleule. Nukta 17 zimetulia mstarini, ya 18 imekimbia juu peke yake. Nikamuuliza: siku hiyo nani alikuwa anasoma mizani? Mpaka naandika hapa naona tiki mbili za buluu tu.