Kofia moja imetoboka, nyingine inafunika macho: jibu kwa dada wa Minneapolis

Dada, umeeleza kwamba umejaribu mara mbili kutengeneza kofia ya felti, yaani sufu iliyosuguliwa mpaka ikashikana kama kitambaa, ya kuvaa msimu wa baridi. Ya kwanza ilitoka na matundu utosini, ya pili imekuwa kubwa mpaka inakufunika macho. Umeuliza kama kosa ni la sufu au la mikono yako, na kama ni kweli kazi hii ina sumu, maana una mtoto mchanga ndani ya nyumba. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, naishi Oulu, kaskazini mwa Ufini, mwaka wa tisa sasa. Ikifika Oktoba meza yangu ya jikoni ndiyo karakana. Nakujibu kwa niliyoyapitia.

Nianze na sumu, ili ulale usingizi: hakuna. Iliyodhuru watu zamani ni zebaki. Viwanda vya Ulaya na Marekani viliitumia kwenye manyoya ya sungura na wanyama wengine ili yashikamane, na mafundi walivuta mvuke wake mpaka mikono ikatetemeka na akili zikavurugika. Marekani iliachana nayo kwenye kofia mwaka 1941. Sisi tunatumia sufu ya kondoo, na sufu hainaga haja ya dawa. Kila unyuzi wake una magamba madogo sana, kama ya samaki. Maji ya uvuguvugu na sabuni yanaufanya uteleze na kujipinda, mikono inausukuma kati ya wenzake, na magamba yanauzuia kurudi ulikotoka. Ukishanasa umenasa. Ndiyo maana sweta ya sufu ikiingia kwenye mashine na maji ya moto inatoka saizi ya mtoto.

Hapo ndipo pa kuikagua sufu yako. Kama karatasi yake inasema inafuliwa kwa mashine bila kuharibika, iache. Hiyo imeondolewa magamba au imepakwa kitu juu yake, na haishikani hata uisugue wiki nzima. Mimi nilisugua jioni mbili, vidole vikachubuka, sufu ikabaki pamba tu. Mama wa jirani aliponiona alisoma ile karatasi, akanirudishia bila neno, kisha akaenda kwake kuniletea mfuko wa sufu ya kondoo wa hapa. Kwa kofia inayogusa paji la uso napenda sufu ya kondoo wa merino, ni laini na inashika haraka. Nunua iliyochanwa tu, isiyosokotwa kuwa uzi.

Matundu yako, kwa maelezo uliyotoa, yametokana na kulaza sufu tabaka moja nene. Laza tabaka nyembamba nyingi. Kofia ya baridi kali mimi naipa gramu 80. Napima kwa mizani ya jikoni: 40 upande wa mbele, 40 upande wa nyuma, na kila 40 nazigawa mafungu manne ya gramu 10. Fungu la kwanza nyuzi zinalala wima, la pili zinalala mlalo, la tatu wima tena, la nne mlalo. Usikate sufu kwa mkasi. Shika fungu kwa mkono mmoja, chomoa kwa mwingine kidogo kidogo, kama unavyochambua makuti. Ukimaliza inua usawa wa dirisha: penye mwanga kupita kiasi pana njaa ya sufu, ongeza. Utosini na kwenye mikunjo ya pembeni ndiko watu wengi wanakosahau.

Sasa saizi. Hapa nakuomba usinipite, kwa sababu wengi wanakata kiolezo, kile kipande bapa kinacholazwa kati ya sufu ya mbele na ya nyuma, kwa kubahatisha. Chukua sufu ileile, laza kipande cha majaribio cha sentimita 30 kwa 30, tabaka nne, kikaze mpaka kigome kabisa kupungua. Tuseme kimebaki 20 kwa 20. Gawa 30 kwa 20, unapata 1.5. Hiyo ndiyo namba yako, siyo yangu wala ya kwenye video, maana kila sufu na kila mkono una yake. Pima kichwa juu ya masikio: kikiwa 57, nusu yake ni 28.5, zidisha mara 1.5, unapata karibu 43. Huo ndio upana wa kiolezo chini. Kimo nacho hivyohivyo: ukitaka sentimita 24, ili iteremke mpaka masikioni, kata 36. Kiolezo nakata kwenye ile sponji nyembamba inayolazwa chini ya sakafu za mbao. Nailoni nene pia inafaa.

Ukikiona kiolezo utaogopa, kinaonekana cha kichwa cha tembo. Mwenzio niliogopa pia, mpaka nilipokumbuka tarbushi ya babu, ile nyekundu aliyokuwa akiivaa Idi. Miaka yote nilidhani ni kitambaa kilichoshonwa. Kumbe kofia za jamii ile ni sufu. Tunis, mji mkuu wa Tunisia, mpaka leo lipo soko la mafundi wa chechia, kofia nyekundu ya huko, Souk Ech-Chaouachine, na chechia huanza kwa kufumwa kubwa kupita kiasi, kisha hupigwa kwa maji moto na sabuni mpaka inywee saizi ya kichwa, halafu husuguliwa kwa vichwa vikavu vya mmea wenye miiba ili ivimbe manyoya. Babu alikuwa amevaa felti Pangani kwenye joto lile!

Kwenye kazi yenyewe, laza upande wa kwanza, sufu itokeze sentimita mbili nje ya kiolezo, funika kwa kipande cha chandarua kikuukuu, nyunyiza maji ya vuguvugu yenye sabuni ya mche, bonyeza hewa itoke. Geuza, kunja zile pembe, laza upande wa pili. Kisha sugua juu ya chandarua, polepole kama unampaka mtoto mafuta, dakika 20 au zaidi. Usiharakishe kwa maji ya kuchemka: ngozi ya juu inashika, ndani panabaki legelege, na kofia itavunja moyo wako Januari. Finya kwa vidole viwili. Nyuzi zikiinuka peke yake, endelea kusugua. Ikiinuka ngozi nzima kwa pamoja, hapo umefika.

Kata mdomo wa chini, toa kiolezo, sugua ukingo ule wa pembeni usiache mshono. Ndipo mkazo uanze: viringisha kwenye mkeka huku na huku, fikicha kama kola ya shati, bamiza kwenye sinki. Maji sasa yawe moto. Sufu hunywea kuelekea unakoviringisha, kwa hiyo ikiwa pana viringisha kwa upana, ikiwa ndefu kwa urefu. Jaribu kichwani kila baada ya dakika chache. Suuza mpaka povu liishe, la mwisho liwe maji yenye vijiko viwili vya siki, kuondoa ukali wa sabuni. Halafu ivalishe faruma, kile kifaa chenye umbo la kichwa, ikauke. Kama huna faruma ya mbao, bakuli la saizi ya kichwa chako lililofungwa mfuko wa nailoni linatosha.

Ile kofia yako ya pili haijaharibika, imeachwa njiani. Iloweshe kwa maji moto na sabuni, irudishe kwenye mkeka, ikaze kwa upana mpaka ikushike paji. Ya kwanza usiihangaikie kuiziba, kiraka cha sufu mbichi hakishiki vizuri kwenye felti iliyokwisha kukaa. Ipige maji moto iwe nene, kisha ukate palipo pazima soli mbili za ndani, moja kila buti. Na za mtoto pia, kama kitabaki kipande.